"Sikumuona": tuzungumze kuhusu pikipiki zinazopotea machoni mwa madereva wa Mombasa

#1 MwalimuBamburi

Ndugu zangu, salaam. Naanza na kosa langu, maana ndilo lililonileta hapa.

Mwezi uliopita, saa kumi na mbili kasorobo jioni, nilikuwa nikitoka kazini na nataka kukata kulia kwenye njia panda moja huku Nyali. Jua lilikuwa usoni kabisa, lile la jioni linalokufikia hata ukiteremsha kikinga jua. Nikasubiri matatu ipite. Nikasubiri tuktuk ipite. Nikatazama, njia nyeupe, nikakata. Nilichosikia ni kishindo ubavuni. Kijana wa bodaboda alikuwa chini, kiatu kimoja kimeruka upande wa pili wa barabara. Mungu ni mkubwa, alitoka na mkono ulioteguka na goti lililochunika. Neno la kwanza kunitoka mdomoni lilikuwa "sikukuona". Naye, akiwa bado amekaa kwenye lami, akanijibu: "Mama, kila mtu husema hivyo."

Tangu siku hiyo sina raha na neno hilo. Gharama zake nimezilipa, tumepatana, na mama yake nimekwenda kumpa pole. Lakini nimekuwa nikijiuliza: niliangalia kweli, macho yangu mazima, miwani ninayo. Mtu mzima juu ya pikipiki alipotelea wapi?

Nimesoma sana wiki hizi. Mwaka 1981 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California aitwaye Harry Hurt alitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki zilizochunguzwa pale pale zilipotokea, Los Angeles. Katika zile zilizohusisha pikipiki na gari, karibu theluthi mbili mwenye gari ndiye aliyeiingilia pikipiki njia yake ya haki, na kilio kikubwa cha madereva hao kilikuwa hicho hicho changu: sikuiona, au niliiona wakati umekwisha. Hiyo ni Marekani, zaidi ya miaka 40 iliyopita. Nilipokuwa nikisoma nilijiona mimi pale Nyali.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Nimejifunza kwamba yanazo. Kwanza ile nguzo ya gari iliyo kando ya kioo cha mbele: ni nyembamba ukiiona kwa nje, lakini ukiwa umekaa kwenye usukani inatosha kuficha pikipiki nzima na abiria wake. Basi la abiria haiwezi kulificha. Pili, jicho likiruka haraka kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kile kitambo kifupi cha kuruka akili haipokei picha. Tunadhani tumeona barabara yote, kumbe tumeona vituo viwili vitatu na akili imejaza zilizobaki. Na mimi siku ile nilikuwa natafuta nini? Natafuta matatu na tuktuk. Vilipokwisha kupita, akili ikaniambia njia ni nyeupe. Tatu, na hili ndilo lililonitisha zaidi: kitu kidogo akili hukidhania kiko mbali na kinakuja polepole. Lori na pikipiki zikija kwa mwendo mmoja kutoka umbali mmoja, dereva ataliacha lori lipite, na mbele ya pikipiki atakata akijiona ana nafasi.

Sasa, dawa. New Zealand, mjini Auckland, walilinganisha waendeshaji waliopata ajali na wengine waliokuwa wakipita barabara zile zile bila ajali. Matokeo yalitoka mwaka 2004 katika jarida la madaktari la BMJ. Waliovaa nguo za kung'aa au za riflekta hatari yao ilikuwa chini kwa asilimia 37. Wenye helmeti nyeupe, ukiwalinganisha na wenye nyeusi, asilimia 24. Waliowasha taa ya mbele mchana, asilimia 27. Malaysia nao waliwalazimisha waendeshaji kuwasha taa mchana tangu 1992, na ajali za aina hii ya kutoonekana zikapungua kwa karibu asilimia 29.

Kwa hivyo ombi langu kwa vijana wetu wa boda ni moja: washeni taa ya mbele mchana. Jaketi baadaye, helmeti nyeupe baadaye. Taa kwanza, maana iko tayari kwenye pikipiki na swichi iko chini ya kidole gumba. Nataka kusikia kutoka kwenu, hasa wenye pikipiki. Kwa nini haziwashwi?

#2 BodaKisauni

Mwalimu, kwanza ahsante kwa kutokimbia. Wengi hukimbia.

Nina miaka tisa kwenye steji huku Kisauni, nimegongwa mara mbili, zote mchana, zote na gari lililokata mbele yangu. Kwa hivyo siwezi kusema unayosema ni uongo. Lakini wacha nikwambie kwa nini hatuwashi.

Moja ni betri. Kila mtu steji anajua taa ikiwaka siku nzima betri inakufa, na betri ni pesa. Mbili ni balbu. Tatu, na usishangae, ni watu. Ukiwasha mchana kila unayepishana naye anakufungulia na kukufungia vidole, "taa, taa, taa". Abiria anakugonga mgongoni, "kaka umesahau taa". Dereva wa tuktuk anapiga honi. Ikifika saa tano umechoka, unazima.

Na hilo jaketi, vaa wewe Mombasa mwezi wa pili saa nane mchana, halafu uje tuzungumze. Jasho linashuka mpaka kwenye soksi. Tunalivaa kwa sababu ya askari, tukishapita kizuizi tunalifunga kwenye tangi.

#3 FundiKongowea

Hili la betri naomba nilijibu mimi, maana kila siku nalisikia gereji na linaua watu.

Pikipiki nyingi ndogo za biashara, hasa za miaka ya nyuma, taa ya mbele haili betri kabisa. Inakula moto unaotoka moja kwa moja kwenye sakiti ya magneti, kule injini inakozungukia. Jaribu mwenyewe: zima injini, acha ufunguo umewasha, bonyeza swichi ya taa kubwa. Isipowaka, na injini ikiwaka ndipo inawaka, basi mara nyingi haina uhusiano na betri. Na ndiyo maana ukiwa umesimama taa inafifia na ukivuta mafuta inang'aa. Kwa pikipiki kama hiyo kuwasha mchana hakugusi betri yako hata kidogo.

Zile ambazo taa inatumia betri, chaji yake ikiwa nzima inaibeba taa bila shida ukiwa safarini. Betri ikifa kwa sababu ya taa, mara nyingi ni regyuleta, kile kifaa cha kupima chaji, imechoka au mtu ameongeza redio, spika na mataa ya rangi rangi chini ya kiti. Hapo usiilaumu taa ya mbele.

Balbu, kweli, itaungua mapema kidogo. Hilo sibishi. Lakini India tangu Aprili 2017 pikipiki mpya zinatoka kiwandani zikiwa zinawaka zenyewe injini ikiwaka, na Ulaya ni vivyo hivyo. Pikipiki za boda hapa kwetu nyingi ni za makampuni ya India. Mwenye kuzitengeneza ameshakubali.

Ninachokiona gereji ni taa yenye kioo cha manjano kama chai ya maziwa, au taa imefungwa ikiangalia matawi ya mwembe kwa sababu pikipiki ilianguka na hakuna aliyeirudisha. Sugua kioo, rudisha taa iangalie barabara. Hiyo ni kazi ya dakika kumi.

#4 Mkweli_wa_Tudor

Mwalimu una moyo mzuri lakini unawapakata mno. Bodaboda haigongwi kwa sababu haionekani. Inagongwa kwa sababu inapita upande usio wake, inaruka taa nyekundu pale Buxton, inabeba abiria watatu na gunia la mkaa. Uwashe taa, uvae jaketi la dhahabu, ukija upande wangu kwa mwendo wa 80 nitakugonga nikikuona.

#5 MwalimuBamburi

Kaka, hayo yapo na sitayatetea. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 103B, inasema abiria ni mmoja tu, na kwamba mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi lenye riflekta. Wengi wanaivunja mchana kweupe.

Lakini kijana niliyemgonga mimi alikuwa upande wake, mwendo wa kawaida, abiria hakuwa naye. Kosa lake halikuwepo. Nikisema tatizo lote ni utundu wao, nitakata kona tena kesho vile vile nilivyokata siku ile. Kitu nilichobadilisha mimi ni hiki: kwenye kila njia panda nasogeza kichwa na mabega, mbele kisha nyuma, ile nguzo isinifiche kitu, halafu naangalia mara ya pili nikijiambia kwa sauti "pikipiki". Watoto wangu wameanza kunisaidia kulitaja.

#6 TrelaKipevu

Naendesha trela kutoka bandarini mpaka Mariakani na kwingineko, na nataka kuongeza kitu ambacho jaketi haliwezi kukitibu.

Ndani ya kabini ya trela niko juu. Mbele ya bampa yangu kuna sehemu ambayo mtu mzima akisimama simuoni. Ubavu wa kushoto, kuanzia mlango wa utingo kwenda nyuma, pikipiki mbili zinaweza kukaa na vioo vyangu visionyeshe hata moja. Nyuma ya kontena ni giza tupu. Sasa pale mzunguko wa Changamwe, au foleni ya Kibarani, boda anajipenyeza kushoto kwangu kati ya tairi na ukingo wa barabara. Mimi nakata kushoto, kontena linakata kona fupi kuliko kichwa, na yeye yuko katikati. Awe amevaa jua lenyewe, simuoni.

Kwa hivyo vijana, kuonekana kwanza ni mahali ulipo. Tazama kioo changu cha pembeni. Ukiuona uso wangu ndani ya kioo, hwenda nami nakuona. Usipouona uso wangu, kwangu mimi haupo duniani. Toka hapo. Rudi nyuma, au pita mbele kabisa ambapo nitakuona, na upite upande wa kulia.

Jambo jingine, usiku njia ya Miritini kwenda Mazeras. Naona taa moja inakuja. Ni pikipiki? Ni gari lenye jicho moja? Siwezi kujua iko umbali gani wala inakuja kasi kiasi gani, maana taa mbili ndizo zinazonipa kipimo, zinavyoachana ndivyo zinavyokaribia. Nimewahi kusikia kwamba wenzetu wamejaribu kuongeza taa ndogo juu na chini ili umbo la pikipiki lionekane. Hilo lingenisaidia sana.

#7 FundiKongowea

@TrelaKipevu kweli, na halina gharama kubwa. Taa mbili ndogo nyeupe chini kwenye shokabzoba za mbele, pamoja na taa kubwa, zinatengeneza pembetatu. Dereva anasoma umbo, hasomi nukta. Lakini ziangalie chini, zisimpofushe anayekuja. Na naomba vijana waache taa nyekundu au za buluu mbele. Mbele nyeupe, nyuma nyekundu, basi. Ukiweka nyekundu mbele, usiku nadhani unakwenda, kumbe unakuja.

#8 Binti_wa_Majengo

Mimi ni abiria. Nafunga duka baada ya Isha na napanda boda kila siku, buibui nyeusi, mkoba mweusi. Nimesoma uzi huu nikaingiwa na baridi, kwa sababu mwendeshaji wangu huvaa jaketi lake vizuri kabisa, lakini mimi ndiye ninayekaa nyuma yake. Gari linalokuja nyuma yetu linaniona mimi. Au tuseme halinioni. Jaketi lake limeishia kifuani mwangu.

Jaketi la abiria aliwahi kunipa. Lilikuwa linanuka jasho la watu wote wa Mombasa, nikamrudishia. Nifanye nini?

#9 FundiKongowea

Dada yangu, umegusa penyewe. Sheria inataka majaketi mawili, lakini hata mawili yasipokuwepo kuna njia.

Kwanza tuelewe kitu kinavyong'aa, maana watu wanachanganya. Ile rangi kali ya ndimu au chungwa ni ya mchana. Inachukua ule mwanga wa jua usioonekana na kuurudisha ukiwa unaonekana, ndiyo maana inakuwa kama inawaka, hata wakati wa wingu na kigizagiza. Usiku mbele ya taa ya gari haina maajabu. Ule mkanda wa fedha ndio wa usiku. Ndani yake mna vishanga vidogo vya kioo, au vioo vya pembe pembe, na kazi yake ni kurudisha mwanga ulikotoka. Taa ya gari ikiupiga, mwanga unarudi kwa dereva yule yule.

Madukani kuna mikanda ya fedha ambayo ni karatasi ya kung'aa tu. Kabla hujalipa, ijaribu hivi. Mwambie muuzaji alishike jaketi, rudi nyuma hatua ishirini mahali penye kivuli, washa tochi ya simu na uiweke kando ya jicho lako, sio chini kiunoni. Mkanda wa kweli utakurukia machoni, mweupe kabisa. Wa bandia utabaki kijivu. Tochi isipokuwa karibu na jicho hata mkanda mzuri hautaonyesha kitu, kwa sababu mwanga unarudi kwenye tochi na wewe haupo hapo.

Na jaketi lililofungwa mwaka mzima kwenye tangi limeshakufa. Jua limekula rangi, vumbi na oili vimeziba vishanga. Lifue kwa mkono, sabuni ya kawaida, usisugue mkanda kwa brashi. Likichakaa, tupa.

Sasa wewe abiria. Nunua mkanda wa kushona, sio wa gundi. Shona mmoja nyuma ya mkoba, na mwingine kwenye pindo la mtandio wa kufungia helmeti, au tengeneza bangili mbili za kifundo cha mguu. Miguu ya mtu inapoyumba yumba dereva anajua haraka kwamba huyu ni mtu, sio bango la barabarani. Na mwambie kijana wako abandike mkanda mwekundu kwenye pikipiki yenyewe: nyuma ya kerieri, kwenye madigadi, pembeni mwa shokabzoba. Pikipiki haitoi jasho wala haisikii joto. Haivui jaketi ikipita kizuizi.

#10 Mzee_wa_Mji_wa_Kale

Nami niseme neno. Mimi naendesha gari hapa tangu Daraja la Nyali halijafunguliwa, lile la 1980. Nalikuwa nikivuka lile la zamani lenye kuelea. Siku hizo pikipiki zilikuwa za kuhesabu. Baada ya serikali kuondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, zikawa ndizo barabara yenyewe.

Sisi wazee macho yetu yamejengwa kwa barabara nyingine. Mimi nyumba yangu yote ni watu wa boda: mjukuu yuwaendesha, mwengine yuwapanda kwenda chuo. Na bado nikitoka kichochoroni kuingia Digo Road naangalia magari. Nimejikamata mara nyingi.

Ijumaa nikitoka msikitini nimeona jambo. Vijana wa boda waliovaa kanzu nyeupe nawaona kutoka mbali, hata kwenye msongamano wa Mwembe Tayari. Siku za kazi wale wale, na mashati ya kijivu, wanazama ukutani. Kwa hivyo hilo la mwalimu la helmeti nyeupe silitilii shaka. Lakini nyeupe mbele ya ukuta mweupe haitasaidia kitu. Kinachoonekana ni kile kinachotofautiana na kilicho nyuma yake.

#11 MwalimuBamburi

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, na wapo watafiti wa Israeli walioliona hilo: mjini katikati ya majengo na rangi nyingi, nguo ya kung'aa ndiyo iliyoonekana vizuri, lakini nje ya mji, mbele ya anga tupu, nyeusi ilijitokeza zaidi. Hakuna rangi moja ya kila mahali. Ndiyo maana narudi palepale kwenye taa. Taa inawaka mbele ya ukuta, mbele ya mwembe, mbele ya anga.

Hata siku yangu ile. Jua lilikuwa nyuma yake. Jaketi lolote mbele ya jua lile lingekuwa kivuli cheusi. Taa peke yake ndiyo ingekuwa na nafasi.

#12 Nesi_zamu_ya_usiku

Nimesoma yote. Nafanya kazi kwenye wodi ya mifupa, sitasema wapi. Wengi wetu tunawauliza walioletwa ilikuwaje. Sijaweka daftari, lakini saa zinazojaa nazijua: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa mbili. Kwetu huku jua likizama, giza haliji polepole, linaanguka. Watu bado wanaendesha kana kwamba ni mchana, taa zimezimwa "kwa sababu bado naona". Wewe unaona. Swali ni kama unaonekana.

Mguu wa chini ukivunjika kwa bampa ni miezi, na kwa wengine ni kazi nyingine ya kutafuta. Basi. Naingia zamu.

#13 BodaKisauni

Nimerudi. Nimefanya ile ya fundi, nimezima injini na kubonyeza swichi. Haikuwaka. Miaka tisa nimekuwa nikihifadhi betri ambayo taa haiigusi. Nimewaonyesha steji, wanne tumejaribu, tatu ni hivyo hivyo, moja ndiyo inatumia betri.

Nimesugua kioo kwa dawa ya meno. Nimebandika mkanda mwekundu nyuma ya kerieri na mwingine kwenye madigadi, vipande vinne. Usiku tulimtuma kijana mmoja aende mpaka kona ya msikiti na gari la rafiki, akatupigia simu: pikipiki yangu aliiona kabla hajatuona sisi watu tuliosimama kando yake.

Jaketi bado joto, sitadanganya. Nimekata mikono na kuacha wavu pembeni, riflekta zote nimeziacha.

#14 Mkweli_wa_Tudor

Na zile vidole vya "taa, taa"?

#15 BodaKisauni

Leo siku ya nne nikiwa nimewasha kutwa. Asubuhi kutoka Kisauni mpaka Kongowea nimehesabu: watu kumi na moja wamenionyesha vidole, tuktuk mbili zimepiga honi, na mama mmoja alinikimbilia sokoni na kapu lake akiniambia taa yangu inawaka.

Nikamwambia, mama, umeniona kutoka wapi? Akanionyesha: kule ng'ambo, kwenye meza za nyanya.